Kolesteroli peke yake haitabiri moyo wa mtu wa Kusini

Kwenye karatasi ya majibu ya maabara kuna herufi moja inayowanyima watu usingizi kuliko majibu yenyewe. Ni H. Inakaa pembeni ya namba kuonyesha kwamba kipimo kimevuka kiwango, na mtu akiikuta mbele ya neno kolesteroli huona kama hukumu imeshasomwa. Akirudi nyumbani anaacha nazi, anaanza kutafuna vitunguu saumu asubuhi, na kabla wiki haijaisha kuna jirani ameshamletea chupa ya dawa ya kuyeyusha mafuta. Mwingine, aliyepima siku hiyo hiyo kwenye hema lile lile la upimaji bure, karatasi yake haina H. Huyu anawaambia wenzake kijiweni kwamba moyo wake ni mzima. Presha yake hakuipima, au aliipima akaambiwa ni 168 kwa 100, akaichukulia kama jambo dogo kwa sababu "mafuta yako sawa".

Mimi namhofia zaidi huyu wa pili.

Nimekuwa nikifuatilia namna tunavyopimana moyo katika mikoa hii miwili ya kusini mwa Tanzania, Mtwara na Lindi, na ninachokiona ni kwamba tumeipa namba moja kazi isiyoiweza. Kolesteroli ni kisababishi halisi cha maradhi ya mishipa ya moyo. Juu ya hilo ushahidi ni mzito na nitaueleza. Lakini kuitumia peke yake kusema nani ataugua na nani atasalimika ni kosa la kisayansi, na kwa watu wa Kusini ni kosa linalogharimu maisha, kwa sababu linaiondoa presha mbele ya macho yetu.

Mkulima wa Tandahimba au Ruangwa anaijua hesabu ya namna hii vizuri. Korosho zikifika ghalani kwenye chama cha msingi, hakuna mnunuzi anayezipa daraja kwa unyevu peke yake. Hutolewa sampuli, ukaangaliwa unyevu, zikahesabiwa punje zinazotimiza kilo, zikapasuliwa kuonekana ngapi zimeoza ndani, kisha yote yakajumlishwa pamoja. Gunia kavu kabisa linaweza kuwa limejaa korosho mbovu. Hatari ya moyo nayo hupimwa hivyo, na wanaoipima hivyo wana zaidi ya miaka sitini wakifanya kazi hiyo.

Mwanzo wake ni mji mdogo wa Framingham, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwaka 1948 watafiti waliwaandikisha wanaume na wanawake 5,209, wakawapima kila baada ya miaka miwili, wakasubiri. Kabla ya hapo madaktari wengi waliamini kwamba presha kupanda uzeeni ni jambo la kawaida ambalo mwili unalihitaji. Mwaka 1961 William Kannel na wenzake wakachapisha matokeo ya mwanzo: presha, kolesteroli na dalili za moyo kutanuka zilionekana kwa watu miaka mingi kabla ya kupata mshtuko wa moyo. Hapo ndipo dunia ilipoanza kuzungumzia vihatarishi. Na tangu hatua za awali watafiti wale walikuwa wanavichanganya vihatarishi pamoja, maana waliona kimoja kimoja havitoshi.

Tena data za Framingham zenyewe zilionyesha jambo ambalo halisemwi sana kwenye mahema ya upimaji. Takriban theluthi moja ya waliopata maradhi ya mishipa ya moyo walikuwa na kolesteroli jumla chini ya miligramu 200 kwa desilita, yaani chini ya 5.2 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Kwenye karatasi zetu hawa wasingepata H. Ukiwachora waliougua na wasiougua kwenye grafu moja kwa namba zao za kolesteroli, vilima viwili vinapandana kwa sehemu kubwa. Kilima cha waliougua kimesogea kulia kidogo tu. Huwezi kupiga mstari mahali popote ukasema waliopo huku watapona na waliopo kule wataugua.

Inawezekanaje kitu kiwe kisababishi na bado kiwe mtabiri dhaifu? Hapa ndipo mjadala unapovurugika mitandaoni, na hapa ndipo wanaosema "kolesteroli ni uongo wa makampuni ya dawa" wanapopata wafuasi. Wanachukua ukweli mmoja, kwamba watu wengi wenye mshtuko wa moyo wana kolesteroli ya kawaida, wanaunyoosha mpaka ufike usipofika. Jamii yote ikiwa na kiwango ambacho tayari kinaweza kudhuru mishipa kikidumu miaka arobaini, kiwango hicho hakiwezi kuwatofautisha watu wa jamii hiyo, kwa kuwa karibu wote wanacho. Kinachoamua nani aanze kuugua ni vitu vingine: umri, sigara, sukari, presha, urithi. Geoffrey Rose, mtaalamu wa magonjwa ya jamii wa Uingereza, aliliweka sawa jambo hili mwaka 1985 alipoonyesha kwamba wagonjwa wengi hutoka kwenye kundi kubwa la watu wenye hatari ya wastani, kuliko kwenye kundi dogo la wenye hatari kubwa.

Ushahidi kwamba kolesteroli aina ya LDL, ile inayoitwa "mafuta mabaya", inasababisha maradhi ninaoupenda zaidi umetoka kwa watu wenye asili ya Afrika. Kuna jeni inayoitwa PCSK9. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu weusi wapatao 3,400 kwa miaka kumi na mitano. Kati yao asilimia 2.6 walizaliwa na hitilafu inayoifanya jeni hiyo isifanye kazi, kwa hiyo LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tangu utotoni. Wengi katika jamii ile walikuwa na presha, wengi walivuta sigara, wengi walikuwa na kisukari. Pamoja na hayo, waliozaliwa na hitilafu ile walipata maradhi ya mishipa ya moyo kwa asilimia 88 pungufu ya wenzao. Hawakunywa dawa wala hawakufuata mlo maalumu. Walizaliwa tu na LDL ya chini, na mishipa yao ikasalimika. Anayetaka kusema kolesteroli haina kosa lolote aanze kwa kutoa maelezo ya watu hawa.

Upande wa pili kuna HDL, ile inayoitwa "mafuta mazuri". Tangu miaka ya 1970 ilijulikana kuwa wenye HDL ya juu huugua moyo kwa uchache, kwa hiyo ni mtabiri mzuri, na imo kwenye fomula nyingi za kukadiria hatari. Makampuni yakatengeneza dawa za kuipandisha. Mojawapo, torcetrapib, iliipandisha HDL sana, lakini mwaka 2006 jaribio lake likasimamishwa kwa sababu waliopewa dawa walikufa kwa wingi kuliko wasiopewa. Basi tunayo LDL, inayosababisha ugonjwa lakini ikiwa peke yake hututabiria kidogo, na tunayo HDL, inayotabiri vizuri lakini kuipandisha kwa dawa hakumwokoi mtu. Anayeshika karatasi ya maabara na kuisoma kama ramli hawezi kuziona tofauti hizi, na si kosa lake. Hakuna aliyekaa naye akamweleza.

Turudi Kusini. Mshtuko wa moyo unaotokana na mishipa kuziba kwa mafuta upo na unaongezeka nchini, lakini mpaka sasa hauongozi orodha ya maradhi yanayoiharibu mioyo ya Waafrika. Utafiti uitwao THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, uliwachunguza wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi tisa za Afrika. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, umri ambao mtu bado ana watoto shuleni. Karibu nusu yao, asilimia 45, chanzo kilikuwa presha. Waliofikishwa pale na mishipa ya moyo iliyoziba hawakufika asilimia 8. Ukienda kwenye kiharusi hali ni ile ile: ufuatiliaji uliofanyika Dar es Salaam na wilaya ya Hai kati ya 2003 na 2006 ulikuta kiharusi kipya kwa kiwango cha juu sana, hususan Dar es Salaam, ambako kilizidi watu 300 kwa kila 100,000 kwa mwaka baada ya kuweka sawa tofauti za umri. Presha ambayo haikutibiwa ndiyo iliyokuwa nyuma ya mengi ya haya.

Hata kwa mshtuko wa moyo wenyewe, utafiti wa INTERHEART uliofanyika katika nchi 52 na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta vihatarishi tisa vinaeleza zaidi ya asilimia 90 ya hatari yote, na uwiano wa mafuta mabaya na mazuri ulikuwa miongoni mwa vilivyo juu kabisa duniani. Lakini matokeo ya Afrika yalipochambuliwa peke yake, kwa Waafrika weusi presha ndiyo iliyojitokeza kwa nguvu kuliko ilivyokuwa kwingineko.

Sasa fikiria watu wawili. Wa kwanza ni mwalimu wa miaka 41 mjini Masasi, mwanamke, havuti sigara, presha 118 kwa 76, sukari nzuri, kolesteroli jumla 6.0. Ana H. Wa pili ni mvuvi wa Mikindani, miaka 63, anavuta sigara tangu ujana, presha 166 kwa 98, kolesteroli jumla 4.7. Hana H. Ukiwaweka mbele ya mtaalamu yeyote wa moyo na kumuuliza nani aanze matibabu leo, hatasita. Ni yule mvuvi. Karatasi ya kolesteroli imewapanga kinyume.

Chombo cha kuwapanga sawasawa kipo na hakina gharama. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 chati mpya za kukadiria hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi ndani ya miaka kumi ijayo, zikiwa zimegawanywa kwa kanda 21 za dunia. Tanzania imo kwenye chati ya Afrika Mashariki. Ni karatasi yenye miraba ya rangi. Unatafuta upande wa mwanamume au mwanamke, mwenye kisukari au asiye nacho, mvutaji au asiyevuta, unaingia kwenye mstari wa umri kuanzia miaka 40 hadi 74, unashuka kwenye presha, namba ile ya juu, na mwisho unakutana na kolesteroli. Mraba ukiwa wa kijani, hatari iko chini ya asilimia 5. Njano ni 5 hadi chini ya 10, chungwa 10 hadi chini ya 20, nyekundu 20 hadi chini ya 30, na wekundu ulioiva ni 30 kwenda juu.

Kwetu lililo na uzito zaidi ni kwamba chati hizo zina toleo la pili lisilohitaji maabara. Mahali pa kolesteroli wanaweka uwiano wa uzito na urefu. Mzani, rula ya ukutani, mashine ya presha, basi. Kwa muuguzi wa zahanati huko ndani Liwale au Nanyumbu, ambako hakuna mashine ya kupima kemia ya damu na mgonjwa amekuja kwa bodaboda ya kuazima, hii ndiyo chati yake. Ina upungufu mmoja ambao lazima ujulikane: haina sehemu ya kisukari, kwa hiyo mwenye kisukari inampa hatari ndogo kuliko aliyonayo. Dawa yake ni kupima sukari kwa tone la kidole, na anayekutwa na kisukari ashughulikiwe kwa njia yake. Mtu wa miaka 40 na zaidi mwenye kisukari, miongozo ya Shirika la Afya Duniani tayari inamweka kwenye kundi la kufikiriwa dawa za kushusha kolesteroli bila kungoja rangi ya mraba.

Mantiki ya kutafuta hatari ya jumla inaonekana vizuri ukipiga hesabu ya faida. Dawa za kushusha kolesteroli za jamii ya statini, zilizotokana na kazi ya Mjapani Akira Endo ya miaka ya 1970 juu ya ukungu, zimejaribiwa kwa maelfu mengi ya watu, na matokeo yake yanafanana: kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita, matukio makubwa ya mishipa ya moyo na ubongo hupungua kwa takriban moja ya tano. Moja ya tano ya nini? Chukua watu 1,000 ambao hatari yao ya miaka kumi ni asilimia 3. Bila dawa wataugua 30. Kwa dawa wataugua 24. Umewatibu watu elfu moja kila siku kwa miaka kumi ukawaokoa sita. Chukua wengine 1,000 ambao hatari yao ni asilimia 25. Bila dawa wataugua 250. Kwa dawa, 200. Umewaokoa hamsini kwa kidonge kile kile na fedha ile ile. Yule mwalimu wa Masasi mwenye H anaweza kuwa kwenye elfu ya kwanza. Mvuvi asiye na H yuko karibu zaidi na elfu ya pili, na statini ingemsaidia ingawa kolesteroli yake inaitwa ya kawaida, maana kinachopunguzwa ni hatari yake yote.

Presha nayo ina hesabu yake. Uchambuzi mkubwa wa majaribio ya dawa za presha uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kuishusha namba ya juu kwa pointi 10 hupunguza kiharusi kwa zaidi ya robo, na moyo kushindwa kazi vivyo hivyo. Amlodipini ni kidonge cha presha cha bei ndogo. Mtu anayetoka Newala kwenda kutafuta kipimo kamili cha mafuta mjini, na presha yake haijawahi kushushwa, ametumia nauli yake kwa jambo la pili kabla ya la kwanza.

Nauli nimeitaja makusudi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, inayozibua mishipa ya moyo kwa mrija bila kupasua kifua, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Msuli wa moyo uliokosa damu unahesabu saa chache. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo imesogeza huduma za kibingwa karibu nasi, na hilo ni jambo kubwa, lakini kwa mtu wa vijijini hata Mitengo ni safari. Kwa mikoa kama yetu kutabiri mapema kuna thamani kuliko kwa mtu anayeishi jirani na Muhimbili. (Na maadamu tumefika hapo: mwenye maumivu ya kifua yanayobana na kupanda shingoni au kushuka mkononi asiende kupima kolesteroli. Kipimo hicho hakitamwambia lolote la saa ile. Aende hospitali apimwe umeme wa moyo.)

Kuna sababu nyingine za kutoiamini namba moja ya siku moja. Kolesteroli hupanda na kushuka kwa mtu yule yule bila ugonjwa wowote. Malaria, ambayo Kusini bado tunaishi nayo, huishusha LDL na HDL na kupandisha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu. Aliyepimwa akiwa na homa amepewa picha ya homa yake, na inafaa arudie akishapona. Vipimo navyo vinaandikwa kwa mitindo miwili, milimoli na miligramu, na nimeona watu wakilinganisha 5.4 ya mwaka huu na 190 ya mwaka jana wakidhani mafuta yameisha mwilini, ilhali 5.4 ni kama 209. LDL yenyewe maabara nyingi haziipimi moja kwa moja: zinaikokotoa kwa fomula ya mwaka 1972 kutoka kwenye vipimo vingine vitatu, na fomula hiyo haifai kabisa trigliseridi zikizidi milimoli 4.5 kwa lita. Kufunga usiku kucha kabla ya kipimo si lazima kwa watu wengi. Makubaliano ya wataalamu wa Ulaya ya mwaka 2016 yalishaliruhusu hilo, isipokuwa pale trigliseridi zinapokuwa juu sana. Mama mtu mzima wa Nachingwea asilazwe njaa na kusafirishwa alfajiri kwa ajili ya kanuni ambayo kwake haina faida.

Na zile mashine zinazopita mitaani, unazoshikishwa chuma mkononi kisha kompyuta inatoa kurasa za "vipimo vya mwili mzima" pamoja na kiwango cha kolesteroli: kolesteroli hupimwa kwenye damu. Kama hukutobolewa, hukupimwa. Anayekuuzia virutubisho baada ya kipimo hicho amekudhulumu, na ninaomba maofisa afya wa halmashauri zetu wawashughulikie.

Suala la chakula sitalikwepa, maana watu wa pwani huulizana hili kila siku: tuache nazi? Mafuta ya nazi yana mafuta mgando kwa zaidi ya asilimia 80, na majaribio yanaonyesha yanapandisha LDL yakilinganishwa na mafuta ya alizeti na mengine ya mimea. Huo ni ukweli na sitaufunika kwa sababu napenda kisamvu cha tui. Lakini watafiti waliokwenda visiwa vya Tokelau katika Pasifiki, ambako watu walipata zaidi ya nusu ya nguvu zao kutoka kwenye nazi, walikuta kolesteroli yao iko juu na maradhi ya mishipa ya moyo ni nadra. Wamaasai waliochunguzwa na George Mann hapa kwetu miaka ya 1960 walikunywa maziwa na kula nyama kwa wingi na kolesteroli yao ikawa chini. Jamii hizi zilitembea sana, zilikuwa na miili myembamba, na maisha yao yote yalikuwa tofauti na ya mtu anayekaa dukani Shangani au kuendesha bajaji kutwa. Simwambii mtu ajifariji kwa hadithi ya Tokelau. Ninachosema ni kwamba hata hapa namba ya kolesteroli ilishindwa kubashiri ikiwa peke yake.

Kwangu mimi kitu kinachostahili kupunguzwa mezani kwa haraka zaidi ni chumvi. Tunaishi kwenye pwani inayovuna chumvi, tunakula ng'onda, tunaongeza chumvi kwenye muhogo wa kukaanga na kwenye ugali wenye mchuzi uliokwisha kutiwa vya kutosha. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote cha siku nzima. Papa mkavu akiloweshwa na maji yakamwagwa mara mbili kabla hajaingia sufuriani, sehemu ya chumvi inaondoka na mboga inabaki mboga. Korosho, ambayo watu huikimbia wakisikia ina mafuta, mafuta yake mengi si mgando, na isiyotiwa chumvi haina sababu ya kuogopwa na mwenye presha. Ni ajabu kwamba sehemu kubwa tunaiuza Asia, na tunanunua mafuta ya kupikia ya mawese kutoka nje.

Kuna pingamizi moja dhidi ya haya yote ambalo nalichukulia kwa uzito. Chati za Shirika la Afya Duniani zilitengenezwa kutoka kwa watu 376,177 waliofuatiliwa katika tafiti 85, na wengi wao hawakuwa Waafrika. Wataalamu wakazirekebisha kwa makadirio ya maradhi na viwango vya vihatarishi vya kila kanda. Makadirio hayo kwa kanda yetu yamejengwa juu ya data chache, kwa sababu watu wengi wetu hufia nyumbani bila chanzo cha kifo kuandikwa na daktari. Wamarekani walilipata tatizo kama hili kwa namna yao: fomula yao ya mwaka 2013 ilikuwa na hesabu tofauti kwa watu weusi, na ikaja kuonekana inazidisha hatari, ile ya mwaka 2023, iitwayo PREVENT, ikaiondoa rangi ya mtu kabisa. Sisi hatuwezi kuchukua hesabu ya watu weusi wa Chicago tukaivika watu wa Kilwa. Chati ya Afrika Mashariki ni bora kuliko hiyo, na ni bora mara nyingi kuliko H ya kolesteroli, lakini bado ni nguo ya kushonewa kwa makisio. Hatua ya kwanza ya kuirekebisha inaweza kuanzia kwenye kliniki zetu za presha na sukari, kama daftari la kliniki litaandika rangi ya mraba wa kila mgonjwa na miaka kumi baadaye mtu akaweza kulifungua na kuona nani aliugua.

Pingamizi la pili ni la vijana, na hapa kolesteroli inapata haki yake. Chati ya miaka kumi humpa kijana hatari ndogo hata kama njia yake ni mbaya, kwa sababu umri unabeba uzito mkubwa kwenye hesabu, na mtu wa miaka 32 hayumo kabisa. Lakini takriban mtu mmoja kati ya 300 duniani huzaliwa na kolesteroli ya juu ya kurithi, LDL ikipita 4.9 tangu ujana, na mishipa yake huanza kuharibika akiwa bado shuleni. Kwake hesabu za mraba hazina maana. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inasema anayekutwa na kolesteroli jumla ya 8 au zaidi apewe ushauri na statini bila kujali chati inasemaje. Kwa hiyo muuguzi anapomhoji mtu, kabla ya kuamua nani apelekwe maabara, kuna swali la kuuliza hata kama presha ni nzuri na mwili ni mwembamba: "Baba, nyumbani kwenu kuna aliyefariki ghafla kabla ya miaka hamsini na mitano?" Aliyefariki akiwa mwanamke, kabla ya sitini na tano. Jibu likiwa ndiyo, huyo ndiye wa kupelekwa hospitali ya Ligula, Ndanda, Nyangao au Sokoine, popote palipo karibu, akapimwe kolesteroli hata kama ana miaka 25. Na ikikutwa iko juu kwa kiwango hicho, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake waitwe nao wapimwe.